Bwawa la Kumi na Mbili

Huku Ruai, maji ya Nairobi huja kutubu.
Huingia bwawa la kwanza na kila kitu:
sabuni ya Umoja, mafuta ya Gikomba,
siku moja meno ya bandia, yakicheka.
Hupita la pili, la tano, yakituama, yakisahau,
hadi la kumi na mbili, ambako perege huzaana
na mimi huchovya kijiti changu cha kupimia
saa moja asubuhi, mwaka wa ishirini na sita sasa.

Hapo ndipo nilimwona, Novemba,
juu ya nguzo ya stima isiyo na waya:
kifua cheupe, wanja umepita jichoni
ukamwagikia shingoni kama wa bibi harusi aliyelia.
Akajitupa. Miguu mbele.
Akaibuka na perege, akamgeuza, kichwa kitangulie,
kama fundi apitishavyo ngazi sokoni.
Mguuni pete nyeusi, herufi mbili, tarakimu moja.
Nikaiandika daftarini, kati ya kina na harufu.

Furukombe, alisema Wakio wa maabara.
Akaiuliza simu yake kuhusu pete. Simu ikajibu: Ufini.
Huko kuna msonobari, na kileleni
watu wamepigilia jukwaa la mbao, wakalisuka fito,
maana miti mikongwe waliimaliza wenyewe.
Kando wamefunga kamera isiyosinzia.

Machi, tarehe ishirini na moja, nguzo ilikuwa tupu.
Niliandika: *hayupo*.
Masika ikashuka. Bwawa likapanda sentimita tisa.

Tukaanza kutazama, saa ya chai,
simu ikiegemea mtungi wa klorini,
bando la shilingi ishirini.
Kiota kitupu. Theluji imekaa ndani kama mwenye nyumba.
Siku ya pili, theluji.
Siku ya tisa, theluji na kunguru mmoja, akaondoka.
Mulwa wa pampu akauliza, mnatazama nini?
Fito, alisema Wakio.
Mulwa akavuta ndoo, akaketi.

Mimi sijawahi kuvuka Namanga.
Lakini usiku ule, mvua ikichapa bati,
nilipita naye Sudani, nikapita mchanga wote,
nikahesabu wenye bunduki ufukweni.
Syombua akageuka kitandani:
*Hukuwahi kumngoja Muthama hivi.*
Muthama yuko Pipeline.
Nauli shilingi themanini.

Aprili kumi na nne picha iliganda.
Bando limekwisha! Wakio akatoka mbio hadi getini,
viatu vya mpira, tope hadi magotini.
Iliporudi, alikuwa amesimama pale,
kwenye theluji yake, akipepesuka,
na pete nyeusi, herufi zetu mbili, tarakimu yetu moja.
Mulwa alipiga ndoo kama ngoma.
Chini ya picha palikuwa na neno moja refu la Kifini.
Wakio alilitafuta. *Amerudi nyumbani.*

Nyumbani kwa nani? aliuliza Mulwa.

Hakuna aliyemjibu.
Mimi nilitazama kifua kile kikipanda na kushuka.
Nyama ile ilijengwa hapa, miezi minne,
perege kwa perege, kutoka maji niliyoyapima mimi.
Ndani ya bawa lile, pale Ufini, kuna sabuni ya Umoja.

Jumamosi nilimwomba Mulwa apande nguzo
apigilie ubao, upana wa sinia.
Huku hajengi, mzee, alisema Wakio. Huku hula tu.
Najua, nikasema. Ni wa kukalia.
Kufikia jioni korongo wa jalala alishaukalia,
upara wake, koo lake linaning'inia,
akitutazama kama afisa wa kodi.

Nikaosha mikono. Nikatafuta namba,
ile ya zamani, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi
nyuma ya daftari la mwaka juzi.
Nikabonyeza.

Iliita.